Kuchunguza na Kupima Mapango ya Misituni Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wale wanaotaka kufuatana nasi msituni kupima pango, na ya wale wanaopanga safari yao wenyewe. Tumeyapanga kwa kadiri watu wanavyouliza, kwa hiyo mengine ni marefu na mengine ni ya mstari mmoja.

Kwani Uganda ina mapango ya maana?

Inayo, ila inategemea unatafuta nini. Mkenya aliyezoea Leviathan ya vilima vya Chyulu, bomba la lava lenye zaidi ya kilomita 11, au Mtanzania aliyekulia karibu na mapango ya chokaa ya Amboni kule Tanga, akija kwetu kutafuta urefu atarudi amenuna. Mengi ya hapa ni mafupi. Faida yake ni kuwa ya namna tofauti kabisa ndani ya nchi moja.

Kwenye Mlima Elgon, upande wa Kapchorwa na Kween, mapango yamechimbika ndani ya matabaka laini ya majivu ya volkano yaliyogandamana, chini ya mwamba mgumu. Maji yanapenya, tabaka la chini linalegea na kumomonyoka, mwamba wa juu unabaki kuwa dari. Ndiyo maana mengi ni mapana mdomoni, na mbele yake mara nyingi pana maporomoko ya maji. Wasabiny waliishi humo, wakalaza ng'ombe humo, wakachimba ukutani mwamba wenye chumvi wa kulamba mifugo. Ng'ambo ya mpaka, kwenye pango la Kitum la upande wa Kenya wa mlima uleule, wachimbaji ni tembo: huingia gizani na kubomoa ukuta kwa pembe wapate chumvi. Basi ukiona mikwaruzo ukutani, usikimbilie kuandika kwamba ni kazi ya maji.

Kisoro ni habari nyingine. Huko chini ya Muhabura, Gahinga na Sabyinyo kuna mabomba ya lava: lava iliganda juu, ya ndani ikaendelea kutiririka, ikaacha handaki. Garama, ndani ya Hifadhi ya Mgahinga, ndilo linalojulikana zaidi. Lina urefu wa mita 342. Batwa walilitumia kama baraza na maficho, mpaka walipotolewa msituni hifadhi ilipotangazwa mwaka 1991. Leo Mtwa anaingia humo akiwa kiongozi wa watalii.

Karibu na Fort Portal kuna Amabere ga Nyinamwiru, ambako utaona miiba ya mawe ikining'inia darini ikidondosha maji meupe. Volkano za eneo hilo zilirusha majivu yenye kalsiamu nyingi, jambo lisilo la kawaida duniani, na maji yakiyayeyusha huacha chokaa. Watooro wanayo maelezo yao: mfalme Bukuku alimkata matiti binti yake Nyinamwiru ili asizae wala kunyonyesha mjukuu ambaye waaguzi walisema angemuua. Mtoto akazaliwa hata hivyo, naye ndiye Ndahura wa Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi. Ukipima pale, andika maelezo yote mawili. Msomaji wa ramani anahitaji kujua kwa nini watu huja na sadaka.

Halafu kuna Maramagambo, msitu ulio ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, wenye pango la chatu. Hilo tutalifikia kwenye swali la popo.

Nyero na mashimo ya Ttanda je?

Nyero, Kumi, ni vivuli vya miamba vyenye michoro ya kale. Hakuna giza wala kutambaa. Mashimo ya Ttanda kule Mityana, ambako masimulizi ya Kiganda yanasema Kayikuzi alikuwa akimchimbua nduguye Walumbe, yaani Mauti, ni mahali pa ibada. Nendeni kote mkaone. Kazi yetu haiko huko.

Mnagundua mapango mapya?

Hapana, na tungependa neno hilo lipungue. Kila pango tulilowahi kupelekwa lilikuwa na mtu anayelijua: mchungaji, mrina asali, mzee aliyejificha humo wakati wa vita, mama anayechota maji mdomoni mwake. Ambacho hakipo ni kipimo. Nani anajua linaenda wapi chini ya shamba la nani, maji yake yanatokea upande gani, chumba cha mwisho kiko mita ngapi kutoka mlangoni? Hayo ndiyo tunayoyafuata. Anayetaka jina lake liwekwe kwenye pango, kikundi chetu hakitamfaa.

Basi mnayapataje?

Kwa kuuliza, na kwa kuuliza vizuri. Ukifika kijijini ukasema "tunatafuta mapango", utaoneshwa lile la watalii. Uliza mahali mbuzi hupotelea, mahali popo hutokea jioni, mahali upepo baridi hutoka ardhini, mahali kijito hutoweka. Kisha keti. Mzee akianza kwa kusema "zamani kulikuwa na shimo fulani, lakini siku hizi msitu umelifunika", siku yako imeshalipa, hata kama mtalifikia kesho kutwa.

Picha za setilaiti husaidia kidogo tu. Zinaonesha mstari wa majabali, haziwezi kuonesha mlango wa upana wa mita moja chini ya miti. Na msituni sehemu kubwa ya siku huishia njiani: kufyeka, kupanda, kushuka, kurudi nyuma. Mwenye kuhesabu saa nane za kupima atapata tatu.

Ruhusa tunaomba kwa nani?

Ndani ya hifadhi za taifa ni UWA, mamlaka ya wanyamapori, na mtapewa askari wenye silaha wa kufuatana nao. Si mapambo, Mgahinga kuna nyati na Elgon kuna tembo. Kwenye misitu ya akiba ya serikali ni NFA, mamlaka ya misitu. Kwenye ardhi ya kijiji au ya mtu binafsi ni mwenye ardhi pamoja na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na hata mkiwa na barua ya Kampala, anzieni kwa mwenyekiti. Kazi ikiwa ni utafiti, yaani mnachukua sampuli za maji, udongo au wanyama, mnahitaji pia kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ada hubadilika, hatuziandiki hapa.

Watu hawatadhani mnatafuta dhahabu?

Watadhani. Watu wenye kofia ngumu, kifaa chenye leza na daftari wasilotaka lilowe: nani asingedhani? Dawa yake ni uwazi. Mchukueni kijana wa hapo ndani awe mmoja wa wapimaji, mwacheni ashike kifaa, asome namba kwa sauti. Jioni onesheni mchoro uwanjani kwa mwenyekiti, kila anayetaka auone. Jiwe, mfupa au kigae cha chungu kisitoke pangoni hata kama ni kidogo. Vitu vya kale vina sheria yake nchini, na zaidi ya sheria, mkionekana mkitoka na kitu kizito mfukoni, hamtarudi tena pale.

Kiswahili kitatosha?

Mlima Elgon, kwa Wasabiny, mtaelewana vizuri na watu wengi, wazee hasa. Kisoro Kirufumbira ndicho cha nyumbani, lakini mpaka wa Kongo uko karibu na Kiswahili kinapita sokoni. Fort Portal mtahitaji mtu wa Kitooro. Buganda msishangae mkijibiwa kwa ubaridi: kwa vizazi vingi Kiswahili kilisikika kutoka kwa mwanajeshi kizuizini, na wapo ambao hawajasahau. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, lakini barua ya Baraza haimlazimishi mzee akuoneshe pango. Jifunzeni salamu za mahali. "Afande" ni kwa askari; mzee wa kijiji ni mzee, na mama ni mama, usimwite kwa jina.

Msimu gani mzuri?

Kwa ajili ya njia na maji, kiangazi: Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti kwa sehemu nyingi. Elgon ni mkaidi, mvua huweza kuendelea hata katikati ya mwaka, na miteremko yake huporomoka. Watu wa Bududa wanakumbuka Machi 2010. Pango lenye kijito msiliingie kukiwa na wingu zito juu ya mlima, hata kama mlangoni jua linawaka.

Sasa shida. Miezi hiyohiyo ya kiangazi ndiyo miezi mibaya ya popo.

Popo wana hatari gani hasa?

Hapa tunaomba usiruke mstari.

Popo anayetuhusu ni popo wa matunda wa Misri, mkubwa, mwenye macho makubwa yanayong'aa kwenye mwanga wa tochi, anayeishi mapangoni kwa maelfu. Ndiye anayebeba virusi vya Marburg, ugonjwa wa homa kali unaoua, wa jamii ya Ebola. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwanza mwaka 1967, Ujerumani na Belgrade, kwa wafanyakazi wa maabara walioshika nyani wadogo waliosafirishwa kutoka Uganda. Kwa hiyo nchi yetu imo kwenye hadithi hiyo tangu ukurasa wa kwanza.

Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi, waliugua na mmoja akafa. Wanasayansi waliingia humo, wakakamata popo, na wakafanikiwa kupata virusi hai kutoka kwao. Karibu asilimia 5 ya popo waliopimwa walikuwa na maambukizi. Mwishoni mwa mwaka huohuo mtalii wa Kimarekani alitembelea pango la chatu la Maramagambo, akaugua aliporudi kwao, akapona. Julai 2008 mtalii wa Kiholanzi aliyeingia pango hilohilo alikufa. Hakuna aliyeng'atwa kwa kujulikana. Walikuwa pangoni, basi. Baadaye palijengwa kibanda cha kutazamia kwa mbali, na hadi leo popo na chatu wanaowala hutazamwa kutoka hapo. Oktoba 2017 ugonjwa ulizuka Kween, kwenye miteremko ya Elgon, na watu watatu wa jamii moja wakafa. Wa kwanza alikuwa mwindaji aliyekuwa akiwinda karibu na pango lenye popo wengi.

Na kuhusu msimu: uchunguzi wa Maramagambo ulionesha kwamba maambukizi hupanda mara mbili kwa mwaka, katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba na katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi. Wanaobeba virusi zaidi ni popo vijana wa umri wa karibu miezi sita, ambao kinga waliyopewa na mama imekwisha. Popo huzaa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo vijana hao hukomaa kwa mafungu mawili. Linganisha na tarehe za likizo yako.

Kanuni yetu haina mjadala. Tukifika mlangoni tukasikia harufu ile ya tunda lililooza na amonia, tukaona popo wakubwa wamejipanga darini, hatuingii. Kituo cha mwisho cha kipimo kinawekwa nje, kwenye ramani tunaandika "popo wengi", tunachora alama ya kuuliza, tunageuza. Wanaoingia ni watafiti wenye vibali, mavazi kamili na vipumulio. Popo wadogo wala-wadudu, wachache, kwenye pango pana lenye hewa, ni suala tofauti: tunapita mbali nao, kimya, bila kugusa ukuta wenye mkojo wala kula chochote ndani. Hata hao wanaweza kuwa na virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo hakuna kushika.

Ukipata homa kali ndani ya siku 21 baada ya pango lolote, usijitibu malaria nyumbani. Piga simu hospitali kabla ya kwenda, useme neno "pango" na neno "popo" mapema.

Si bora popo waondolewe tu?

Kitaka walijaribu. Baada ya 2007 wachimbaji waliwamaliza popo mgodini. Popo wapya wakahamia, na mwaka 2012 Ibanda, karibu na hapo, ikapata mlipuko wa Marburg. Popo wapya walipopimwa, waliokuwa na maambukizi walikuwa zaidi ya asilimia 13, mara mbili na zaidi ya mwanzo. Ukiondoa kundi lenye kinga unaalika vijana wasio nayo. Tena popo hawa ndio wanaosambaza mbegu za miti ya msitu uliokuja kuutembea.

Vumbi la kinyesi cha popo lina neno?

Lina. Kuna kuvu aishiye humo ambaye ukimvuta hukaa mapafuni na kuleta homa, kifua na uchovu wa wiki nyingi. Mwaka 2011 kundi la wanafunzi wa biolojia waliotembelea Uganda waliugua hivyo, zaidi ya nusu yao, baada ya kuingia kwenye shina la mti lenye uwazi lililojaa popo. Mti, wala si pango. Sakafu ikiwa kavu na ya unga, rudini.

Hewa mbaya je?

Kisoro iko kwenye safu ileile ya volkano iliyo juu ya Goma, ambako mazuku huua mifugo na watu mabondeni. Ni kaboni dayoksaidi: nzito kuliko hewa, haina harufu, hutulia mahali pa chini. Ikifika asilimia 3 utahema kama umepanda mlima. Ikifika 10 unaweza kuzirai upesi. Kiberiti si kipimo cha kutegemea, kwa sababu moto huzimika oksijeni ikiwa imepungua hadi karibu asilimia 16, na gesi hiyo yaweza kuwa imekuumiza kabla ya hapo. Bebeni kifaa cha kupimia gesi mkishuka shimo lisilo na upepo. Mtu akianza kuhema na kuumwa kichwa bila sababu, wote mnatoka, hakuna "ngoja tumalize kituo hiki".

Nivae nini, nibebe nini?

Kofia ngumu yenye kamba ya kidevu. Ya bodaboda ni nzito na inaziba masikio. Taa tatu kila mtu, moja kichwani na mbili akiba, zenye betri zake. Gambuti: kwa matope ya msitu wetu zinashinda buti za bei mbaya. Ovaroli ya fundi yenye mikono mirefu, glavu, barakoa ya N95. Nguo ya joto, maana Kisoro na Elgon ni miinuko na ukikaa tuli ukichora saa moja utatetemeka. Maji, chapati, karanga, ndizi. Posho inasubiri kambini. Chakula huliwa nje baada ya kunawa kwa sabuni.

Baada ya pango, vifaa na gambuti huoshwa kwa sabuni, kisha kwa klorini. Jik ya dukani yenye asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, inatoa asilimia 0.5, kiasi kilekile kinachotumika kwenye vituo vya Ebola. Nguo chafu zisiingie kwenye hema.

Kupima kwenyewe kunafanyikaje?

Pango linapimwa kwa mistari mifupi iliyoungana. Unaweka kituo, yaani nukta kwenye jiwe ambayo mtu anaweza kuirudia. Unatafuta kituo kinachofuata mnachoonana nacho. Unapima umbali, mwelekeo wa dira na mwinamo. Kisha unahamia. Kutoka kila kituo unapima pia kushoto, kulia, juu na chini hadi ukutani. Zamani ilikuwa futi ya kamba, dira na klinomita, yaani kipima mwinamo. Siku hizi wengi hutumia DistoX, kifaa cha leza cha Leica kilichoongezewa dira na klinomita kwa ubunifu wa Mswisi Beat Heeb, ambacho hufanya yote kwa kubonyeza mara moja na kutuma kwa bluetooth hadi kwenye simu ya Android yenye programu ya TopoDroid.

Watu watatu wanatosha kupima: mweka vituo mbele, msoma kifaa, mchoraji. Wa nne ni kwa usalama. Mchoraji ndiye bosi, na mwendo wa timu ni mwendo wake. Hili vijana wanalipinga kila safari, kwa sababu anayeshika leza anamaliza kwa sekunde na anayechora bado anahangaika na jabali moja. Lakini namba bila mchoro ni uti wa samaki bila nyama. Mchoraji anaonesha wapi dari imeshuka, wapi kuna tope, maji yanaelekea wapi, wapi pana shimo, na anachora mikato ya umbo la njia kila linapobadilika.

Namba husemwa na kurudiwa. Msomaji: "Tatu kwenda nne. Saba nukta nne mbili." Mchoraji: "Saba nukta nne mbili." "Mbili moja nane." "Mbili moja nane." "Hasi kumi na moja." Hapo ndipo wanaokosea hukosea: wanasahau kusema hasi, na mteremko unageuka mpando. Kwa hiyo kwetu hakuna kunyamaza kwa mpando, unasema "chanya" kila mara. Hata simu ikipokea namba yenyewe, andikeni pia kwa penseli kwenye karatasi isiyoloa. Simu iliyo ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, ikipata ukungu, leza na bluetooth hazitakusaidia kitu.

Usahihi kiasi gani unatakiwa?

Tunafuata daraja la 5 la BCRA, chama cha Waingereza cha utafiti wa mapango: dira na klinomita ndani ya digrii 1, umbali hadi sentimita 1 iliyo karibu, na kituo kisihame zaidi ya sentimita 10. Kosa la digrii 1 kwenye mstari wa mita 20 linakusogeza sentimita 35. Linaonekana dogo, ila kosa la upande mmoja halichoki, linajumlishwa kila kituo.

Njia ikizunguka na kurudi mahali ulipopita, shukuru. Mzunguko wa mita 150 ukifunga kwa tofauti ya mita 1.2 ni chini ya asilimia 1, kazi nzuri. Ukifunga kwa mita 9, kuna namba imegeuzwa mahali. Itafuteni siku hiyohiyo kabla kambi haijahama. Programu za kompyuta za Survex na Therion hugawa kosa dogo na kukuonesha lile kubwa liko kipande gani.

Dira inadanganya Kisoro. Tufanyeje?

Lava ina madini yenye sumaku, kwa hiyo dira inavutwa, na inavutwa tofauti kila mahali. Pimeni mbele na nyuma: kutoka 5 kwenda 6, kisha kutoka 6 kurudi 5. Tofauti isipokuwa 180, ikipishana kwa zaidi ya digrii 2, kwanza angalieni watu wenu. Panga kiunoni, spika ya simu, betri ya chuma ya taa ya kichwa, na bunduki ya afande anayesogea kutazama kwa upole: vyote vinaivuta sindano. Ombeni arudi hatua kadhaa, pimeni tena.

Tofauti ikibaki, mwamba ndio mwenye kosa. Hapo msitumie mwelekeo wenyewe, tumieni pembe. Mkiwa juu ya kituo 6, pimeni kurudi 5 na pimeni kwenda 7 bila kuhama. Dira imevutwa kiasi kilekile kwenye vipimo vyote viwili, kwa hiyo tofauti kati yake ni sahihi hata kama kila kimoja ni kibovu. Mkiendelea hivyo tangu mlangoni, ambako mwelekeo wa kwanza mliupata nje mbali na mwamba, uvutano unajifuta kituo kwa kituo. Ni kazi ya pole pole, na bila hiyo Garama ingechorwa imepinda mahali isipopinda.

GPS haiwezi kutupunguzia kazi?

Ndani haipati setilaiti. Mlangoni, chini ya miti mikubwa, iacheni itulie na ichukue wastani kwa muda badala ya kubonyeza mara moja. Jambo la kuangalia Uganda: ikweta inapita nchini, na mpaka wa kanda za UTM, mfumo wa miraba ya ramani, ulio longitudo 30, unakata magharibi. Kisoro ni 35 Kusini, Fort Portal ni 36 Kaskazini, Kapchorwa pia 36 Kaskazini. Andikeni kanda kila mara. Na ramani za zamani za karatasi zinatumia Arc 1960, msingi wa zamani wa vipimo vya ramani, ambayo inapishana na GPS ya leo kwa karibu mita 300. Msituni mita 300 ni nusu siku ya kufyeka bonde lisilo lenyewe.

Nyoka?

Wapo, chatu na fira wa msituni hasa, lakini nyuki wametufukuza milangoni kuliko nyoka yeyote. Tazameni juu kabla ya kupiga kelele au kugonga mwamba. Siafu wakipita njiani, wapisheni, wao hawapishi.

Naogopa mahali pembamba. Nije?

Njoo. Msimamizi wa mlangoni, mwandishi wa GPS na mtu wa kuzungumza na wazee ni kazi, na wapimaji wengi hawaziwezi.

Mtu akiumia ndani?

Msijipange kwa kusubiri kikosi kutoka Kampala. Mnajiokoa wenyewe, pamoja na wanakijiji mliowasalimia asubuhi. Ndiyo maana idadi ya chini ndani ni wanne: mmoja ameumia, mmoja anabaki naye, wawili wanatoka pamoja. Nje kuna mtu mwenye saa, aliyeachiwa muda wa mwisho kwa maandishi na jina la zahanati ya karibu, na anajua mahali ambapo mtandao unashika. Muda huo ukipita hata kwa dakika chache anaanza kupiga simu, wala halaumiwi kama mlikuwa mnachora tu.

Ramani ikikamilika inakwenda wapi?

Nakala ya kwanza ya karatasi, kubwa, inarudi kwa mwenyekiti wa LC1 au kwa ofisi ya hifadhi, ikiwa na majina ya vyumba kama wenyeji wanavyoviita. Data ghafi, yaani namba zote na picha za kurasa za daftari, tunatunza mahali pawili, kwa sababu mtu atakayerudi baadaye atahitaji namba kuliko mchoro wetu mzuri. Mahali halisi pa mlango hatupachapishi kama pango lina popo wa matunda, kaburi au ibada, au kama mwenye ardhi amekataa. Anayehitaji kwa kazi ya maana anajua pa kuuliza: kijijini, kwa watu waliotupeleka sisi.